Muuguzi Alinidhania Mimi Ndiye Mgonjwa

Mwenzangu, uko wapi? Leo nimepimwa kliniki bila kuumwa.

Nilimpeleka mzee wangu, baba watoto, kliniki ya watu wanaosahau. Nilimwogesha, nikampigia suti pasi, akapendeza kama bwana harusi. Mimi nilifika na viatu visivyofanana.

Muuguzi akatutazama wote wawili, akanigeukia mimi. "Bibi, leo ni siku gani?"

Nikasema Jumatano. Leo Ijumaa, mwenzangu. Ijumaa.

Akauliza asubuhi nimekula nini. Nikawaza, nikawaza. Kumbe sikula kitu.

Mzee akanishika mkono, akamwambia kwa upole, "Mvumilie, binti yangu. Huyu hapumziki." Jina langu limempotea tangu mwaka jana, lakini hilo kaliona.

Muuguzi akamuuliza, "Kwa hiyo babu, wewe ndiye unayemtunza?"

"Hapana, mimi ni dereva wake tu."

Dereva! Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kisha machozi yakagoma kukoma.

Alipoisoma vizuri karatasi yenye jina la mgonjwa, yule binti aliomba radhi. Akaniletea chai, akasimama hapo mpaka nikaimaliza. Halafu akampigia simu mwanangu mkubwa palepale: "Kila Jumamosi utakaa na baba. Mama yako anahitaji kulala." Mwanangu, ambaye kwangu huwa na udhuru kila wiki, akajibu, "Sawa, dada."

Basi kesho nakuja kwako. Usinipikie, usinisimulie ya mtu. Nitandikie kitanda tu.

Na ukiniuliza leo siku gani, narudi kwa dereva wangu.