Risasi ya Kupita

Dada Placida, shikamoo.

Nakuandikia kutoka rumande, hapa London. Yule jambazi aliyenichoma kisu alirudi Jumapili, akavunja mlango. Nilishanunua bastola kwa magendo. Muuzaji aliniuliza, "Risasi za kubaki mwilini au za kupita?" Nikachukua za kupita, kama za baba za kuwindia nguruwe pori, nyama isiharibike.

Nikampiga kifuani, akafa. Risasi ikapita, ikatoboa ukuta, ikampata Lila, mtoto wa jirani, shingoni. Nikakimbilia kwao, nikambeba. Akakata roho mikononi mwangu.

Mama yake, Mhindi wa Tanga, akanishika mkono. "Thadei mwanangu, na wewe wamekuumiza?"

Nikamwambia, "Mama, risasi ni yangu."

Akaniachia mkono.

Mdogo wako,
Thadei