Upande Ambao Hatukuuhesabu

Jumanne, 1 Oktoba 2019

Majibu ya vipimo vya mwanangu Balša yametoka. Tulikwenda hospitali ya Podgorica watatu, mume wangu Krsto akiendesha, Balša nyuma. Ana miaka ishirini na minne. Tangu Juni haoni uso wangu. Anaona masikio na nywele. Katikati ni ukungu. Jicho moja lilitangulia, la pili likafuata kiangazi hikihiki.

Daktari Lazović aliuliza kama kuna kipofu katika ukoo. Krsto akanyoosha mgongo na kuwataja babu zake, vizazi tisa, pamoja na yule aliyefia vitani na yule aliyeanguka mwambani. Wote macho ya tai! Daktari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Bwana, hao wote hawanihusu." Akanigeukia mimi. Akauliza: mama yako, mama wa mama yako, na mama yake huyo?

Bibi namjua. Mama yake bibi — sijui hata jina. Mti wa ukoo uliotundikwa kwa wajomba zangu una matawi mengi, na mwanamke hakuna.

Jumatano, 2 Oktoba

Naandika alivyoeleza, nisije nikachanganya.

Ndani ya seli zetu kuna mitokondria. Shuleni tulizichora kama maharagwe. Ni majiko madogo yanayoupa mwili nguvu, na yana maagizo yake yenyewe ya urithi. Maagizo hayo mtoto huyapata kwa mama tu. Ya baba hayapiti. Katika yetu herufi moja imekosewa, na neva ya jicho, inayokula nguvu nyingi, inazimika. Wengi wenye kosa hilo hawaugui maisha yao yote. Wanaume huugua zaidi. Sigara na pombe kali huongeza hatari. Kuna vidonge vinavyowasaidia baadhi ya watu, zaidi wakiwahi. Balša ameanza kuvimeza.

Daktari alisema mara mbili kwamba sina hatia. Naandika: sina hatia.

Lakini mama yetu alizaa wasichana wawili. Mimi, na Darinka. Na Darinka ana mwana, Vidak — dereva wa lori, miaka ishirini na mbili, sigara mdomoni tangu shule. Jana njia nzima nilimfikiria Balša. Leo tangu asubuhi ni Vidak.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimekwenda kwa mama. Nilimuuliza habari za mjomba Radisav, aliyepofuka kijana. Akajibu nilichokijua tangu utoto: rakija mbovu, pombe kali ya matunda, ya jirani zetu kina Peruta. Walimnywesha arusini, na muda si muda macho yakafa. Nikamwambia, mama, huenda haikuwa rakija yao. Wengine walikunywa chupa ileile.

Akaacha kukoroga chungu. "Miaka arobaini hatusalimiani na watu wale," akasema. "Sasa unataka niwaambie nini?"

Nikauliza jina la bibi yake mzaa mama. Alifikiri sana. Walimwita kwa jina la ukoo wa baba yake, basi. Jina lake mwenyewe halikumbuki.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimempigia Darinka. Niliandaa maneno kwenye karatasi, yakanisaidia dakika mbili.

Alisikiliza, kisha akasema, "Dada, mwanao ameugua, na ninalia pamoja nawe. Lakini usimtafutie mwenzake."

Kumbe Vidak anachumbia msichana wa mji wa Kolašin mwezi ujao, na wajomba wa msichana wameshaanza kuulizia nyumba ya kina Vidak ikoje. Nikamweleza kwamba mwanamume hapitishi kosa hili, watoto wa Vidak watakuwa salama kabisa, tunayemwogopea ni Vidak mwenyewe. Akanikata. Watu hawasikilizi sentensi mpaka mwisho, alisema. Watasikia upofu, watafunga mlango. Akaniapisha nisimwambie Vidak. Kwa macho ya Balša! Nikaapa. Mpumbavu mimi. Akakata simu bila kwaheri.

Jumatano, 16 Oktoba

Kazini kwangu, kituo cha maziwa, zamu ya asubuhi. Mzee Tomo Peruta amepita na punda wake. Nimemsalimu. Alisimama kama aliyeitwa na mti, akavua kofia, akaivaa tena, akaenda.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumegombana, mimi na Krsto. Alhamisi ni slava yetu, siku ya mtakatifu wa nyumba, na nimesema mwaka huu rakija isitoke. Krsto alinitazama kana kwamba nimesema mtakatifu asitoke. Baba yake alimimina, babu yake alimimina, na mgeni wa slava haulizwi kama anakunywa.

Balša alituamulia kwa mzaha. "Mwache baba amimine, mama. Mimi nitakunywa maji. Na wageni wote mwaka huu ni wazuri, sura zao sizioni."

Krsto akatoka kwenda zizini. Alikaa huko muda mrefu.

Slava haina mwaliko; anayekumbuka huja. Darinka hajakosa hata mwaka mmoja. Akija, Vidak atakaa mezani, glasi mbele yake, na mimi nimeapa. Nimemwambia Balša hivyo. Akasema, "Umeapa wewe, mama. Mimi sijaapa."

Sikumkataza. Wala sikumruhusu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Naandika jikoni, kahawa haijachemka.

Wamekuja! Darinka amenibusu mara tatu kama desturi, midomo baridi. Mshumaa umewashwa, mkate umekatwa. Krsto hakai, mwenye nyumba hakai siku hii. Alizunguka na chupa, akafika kwa Vidak. Darinka akaifunika glasi ya mwanawe kwa kiganja.

"Anaendesha," akasema.

Vidak akacheka. "Naendesha nini, mama? Si umeendesha wewe? Baba mkubwa, wiki ya pili hii mama hanipi funguo za gari. Dereva wa lori nabebwa kama gunia!"

Meza nzima ikacheka. Mimi sikuweza. Darinka anaogopa zile kona za mlimani kuliko kifo, na leo ameziendesha mwenyewe. Balša naye hakucheka. Aligeuza kichwa upande, anavyofanya siku hizi akitaka kuona, akakielekeza kwa binamu yake.

Nikaenda stoo kuchukua nyama ya moshi. Darinka akanifuata, akafunga mlango.

"Kwa Balša lilianza jicho gani?"

Nikamwambia. La kushoto.

Akaketi juu ya gunia la viazi. La Vidak ni hilohilo; anasema ni vumbi la barabarani, akanong'ona. Amenunua matone, anatia kila asubuhi. Nikamwambia nitampigia daktari leo hii. Akatikisa kichwa: baada ya uchumba, dada, siku chache tu. Nikasema vidonge havingoji uchumba. Akajifuta uso kwa aproni yangu, akarudi mezani.

Sasa nawasikia wakiimba. Kiti cha Vidak kitupu, cha Balša pia. Wako uani, nawaona dirishani. Vidak anatafuta kiberiti mfukoni, anasema kitu, anacheka. Balša ameitoa sigara mdomoni mwa mwenzake kwa kupapasa. Sasa amemfunika Vidak jicho la kulia kwa kiganja na ameinua vidole vya mkono mwingine mbele ya uso wake avihesabu. Vidak ameacha kucheka. Darinka anasukuma mlango wa uani, na Balša bado hajashusha mkono —