Kadi ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Kamusi inapekuliwa upya. Bosi kasema kila neno adimu la Kiingereza lioneshe kadi tatu: waandishi watatu tofauti, kila kadi na sentensi iliyonakiliwa kitabuni. Ikipungua moja, neno nje. Mhakiki mpya kapewa droo ya W, droo yangu ya zamani. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatano, 5 Machi
Mhakiki kalifikia. Neno la kamba ya kufungia lango la zizi – hata humu siliandiki. Kadi mbili safi. Ya tatu yataja ukurasa wa 214 wa kitabu fulani cha kilimo. Mhakiki kakiagiza maktaba. "Dada, mbona kina kurasa 190 tu?" Akacheka. Nami nikacheka!

Kadi hiyo niliitunga mimi. Siku ya mwisho kabla ya kamusi kwenda kiwandani kuchapwa, neno limepungukiwa kadi moja, nami nalipenda. Nikapiga taipu sentensi, chini nikatia herufi za jina la Mzee Lenzi, aliyenifundisha kazi hii. Alikuwa amelazwa. Nani angemhoji yeye? Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka ishirini na mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Bosi anauliza: kama Mzee alitunga moja, katunga ngapi? Kadi zake ni elfu nne na ushei. Kampigia simu mbele yangu. Nimesimama na kikombe cha chai, nikikoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kwa Mzee kuungama. Mkewe kaninong'oneza mlangoni: siku hizi anasahau, juzi kamwita yeye kwa jina la dada yake. Mzee kanipokea kwa furaha. "Mwanangu, kadi ile nilitunga mimi. Labda ni homa." Nikamwambia, hapana Mzee, ni mimi. Akanipigapiga mkono. "Unanibebea mzigo. Tangu zamani una moyo wewe." Mkewe akanishukuru kwa wema wangu, akanifungia na ndizi za kwenda nazo. Nimezila njiani nikilia.

Jumanne, 11 Machi
Mzee kaja ofisini kavaa suti. Barua iko mezani: kadi zake zote ziondolewe. Maisha yake yote! Ameshatia sahihi. Anatakiwa shahidi, na kaniomba mimi.

Nimesema naenda msalani mara moja. Ndipo ninapoandikia. Mfukoni nina kadi nyingine niliyoipiga mwaka ule, yenye herufi za jina langu mwenyewe, kwa mashine yangu ile iliyokatika mkia wa herufi e. Ya uongo nayo ina e hiyohiyo. Mhakiki akiziweka pamoja chini ya kioo cha kukuzia, Mzee hatanitetea tena.

Mlango unagongwa. Ni Mhakiki.

"Dada, Mzee anauliza, mbona mwanangu anachelewa?"