Shahini wa Nyuma ya Majlisi

Jumanne, 14 Februari
Baridi bado ipo. Nimekwenda pwani ya hapa kwetu Hail baada ya Alfajiri kutazama shakwe. Wamejaa, wamejipanga mstari kama watu wanaongoja mkate. Nikawaambia wenzangu wa kahawa kuwa mie namjua shakwe wa Urusi na shakwe wa Irani kwa mlio tu, macho nimefumba. Wakainamia vikombe vyao. Nimechukulia kuwa wamekubali.

Jumapili, 19 Februari
Makubwa! Tetere katia kiota ndani ya mashine ya nje ya eisi ya majlisi, chumba chetu cha wageni — pale pale penye panga la feni. Wavu wa mbele niliutoa mwenyewe niukoshe. Mke wangu Mahbuba alitaka kuita fundi, nikamwambia fundi wa nini, na mie nishawahi kufungua injini ya ndege? (Ilikuwa jenereta. Na haikuwaka tena.) Skrubu sijui ziko wapi. Mayai mawili. Kiota chenyewe vijiti ovyo na kipande cha waya. Ufundi wake na wangu mmoja.

Jumapili, 5 Machi
Makinda wametoka. Wabaya, subhanallah. Midomo mikubwa, manyoya kama ndevu zangu za ujanani. Shakwe wa Hail wamebaki wachache, wengine wameshashika njia. Joto hilo linaingia. Mahbuba kataka eisi. Panga lingewakata makinda, nikamwambia imeharibika. Kasema, itengeneze basi, si wewe fundi?

Wenzangu wa kahawa nao wanauliza mbona majlisi yako tanuri. Sasa mtu aliyewahadithia miaka yote namna alivyowinda na mashekhe jangwani, atasema anatoka jasho kwa ajili ya tetere? Ulimi ukanitangulia. Nikasema shahini, yule ndege wa kuwindia, kazalia ndani ya eisi yangu.

Alhamisi, 9 Machi
Khabari ya kheri. Watakuja kumposa Shurooq, mtoto wa marehemu ndugu yangu, niliyemlea tangu hajaota meno. Ijumaa ya wiki ijayo, kabla ya Ramadhani. Baba wa kijana ni Musallam, mwenye gereji mtaa wa Ghala. Walii wa binti, mwenye kumwozesha, ni mie.

Shurooq kaniita jikoni. Kasema, Ami, nakuomba kitu kimoja. Siku hiyo usihadithie. Ukiulizwa jibu, basi. Huyu kijana nnamtaka.

Nikamwahidi. Kaniangalia vile anavyoangalia maziwa yaliyopita tarehe.

Jumatatu, 13 Machi
Kinda mmoja kafa. Nimemzika chini ya mlimau. Nilimwambia Mahbuba namwagilia.

Hakudanganyika, kapanda mwenyewe kiti akachungulia. Kasema, kumbe ndiyo hii eisi mbovu! Ijumaa inawashwa, wageni hawaji hapa kupikwa. Kihamishe kiota.

Nikapanda ngazi. Mama tetere kanipiga bawa la uso. Mie, niliyemkabili chui milima ya Dhofar! Nikashuka. Kwa hiari yangu.

Alhamisi, 16 Machi
Kinda kaota mkia. Husimama ukingoni, akatazama chini, akarudi ndani. Siku moja mbili tu anaruka. Nimemwomba afanye haraka. Nimemwomba kwa Kiswahili na kwa Kiarabu.

Ijumaa, 17 Machi
Naandika kwenye kifuniko cha boksi la halua. Nimekaa juu ya mtungi wa gesi nyuma ya majlisi. Wageni wamo ndani.

Mahbuba alinitia rimoti mkononi mapema. Washa, au nitawasha mie. Nikenda kumtazama kinda. Yuko ukingoni, anapiga mabawa, haruki. Nikaingia kwa wageni, rimoti mfukoni. Jasho. Kofia ya Musallam ilikuwa imeshalowa.

Hajamaliza finjani ya kwanza ya kahawa, kauliza: Bwana Nasr, ni kweli hii khabari ya shahini?

Imefika Ghala!

Nikamwona Shurooq nyuma ya pazia la mlango, kashika sinia, hatikisiki. Jibu nilikuwa nalo. Ni tetere, bwana, na eisi naiwasha sasa hivi. Nikafungua mdomo. Musallam kaniwahi. Kasema, basi wallahi msiwashe hiyo eisi, atashtuka. Shahini kuchagua nyumba ya mtu, hiyo heshima. Akavua joho lake, akaanza kujipepea kwa kisahani. Wazee wote wakafuata. Mmoja kasema nyumba inayosubiri ndege hivi, binti yake kalelewa vizuri.

Sikuhadithia. Nilinyamaza tu. Lakini nilinyamaza kwa ufundi.

Sasa wanataka wakimaliza halua waje wamtazame huyo shahini. Nimetangulia, nimesema namtuliza. Shurooq kachungulia dirisha la jikoni, kanong'ona: Ami, wanavaa viatu.

Nikamwuliza, nifanye nini?

Kasema, sema kweli.

Nikamwambia, na akivunja posa?

Kakaza mtandio wake. Halafu kasema, mie nshasimama nawe hapa, Ami. Sema tu.

Kinda kakaa ukingoni. Mama yake karudi, katua juu ya mashine, mdogo, kichwa kinaitikia kama mtu anayekubali kila kitu. Viatu vinakuja kwenye changarawe, na sauti ya Musallam anawaambia wenziwe wapunguze makelele, wasimtishe.

Maneno nimeshayapanga. Mafupi, ya kweli. Ila kwanza nimemwambia mama tetere: mwanangu, tanua kifua kama shahini.