Jina la Julius Ubaoni

Babu Gottfried mpendwa,

Anke anaota meno, kwa hiyo hatulali. Hata hivyo kitabu cha miaka mia ya chama chetu cha mazoezi ya viungo, 1880 hadi 1980, nakaribia kumaliza kukiandika.

Kwenye ubao wa mabingwa pale ukumbini, mwaka 1932 hauna jina, na mbao imechimbika kidogo. Daftari la mikutano la 1933 linasema jina la Julius Rosental, kwa kuwa ni Myahudi, likwanguliwe na seremala wa chama. Seremala ulikuwa wewe, Babu.

Mwenyekiti kaniambia, "Mama Anke, we weka picha za sherehe, watu wale keki kwa amani."

Nakupenda, lakini nitaandika yote, jina lako likiwemo. Njoo kabla ya sherehe. Patasi zako nimeshazinoa. Jina la Julius ulirudishe ubaoni wewe mwenyewe.

Mjukuu wako,
Heidrun