Magauni Matatu ya Tantine

Jumanne, 3 Juni

Nimefungua stoo ya mavazi, nimepanga mawigi, nimechemsha maji. Baridi kali. Studio hii ya Jeppestown, hapa Johannesburg, ilikuwa gereji, na bado inanuka oili. Bi Maureen amefika, akabandika chingamu yake kwenye kisahani changu cha chai. Nimeibandua kwa karatasi. Kinyaa.

Meneja anamwogopa yeye. Mimi ninamwogopa meneja.

Zaidi ya miaka thelathini mama huyu amewachekesha Waingereza kwenye televisheni. Anaandika mwenyewe, anaigiza mwenyewe. Sasa kituo cha kwao kimemchoka, amekuja kurekodi huku kwa bei nafuu. Anataka mhusika mpya, Mwafrika. Ameniuliza kama ninamjua mwanamke yeyote "mwenye maisha yake".

Nikamtaja Tantine, mama yangu mdogo. Nilitaka tu Bi Maureen anione mtu wa maana.

Ijumaa, 6 Juni

Nimempeleka Yeoville, saluni kwa Tantine. Ni mdogo wake marehemu mama. Yeye ndiye aliyenilea. Alimwekea Bi Maureen mkono kichwani, akamwombea kama anavyomwombea kila mteja, kisha akaanza kusuka.

Bi Maureen akauliza alitokaje Uvira, kwetu Kongo. Nikatafsiri. Tantine akasimulia kama anavyosimulia siku zote, kwa kicheko. Risasi zililia, hakuwa na begi, akavaa magauni matatu, moja juu ya jingine, akatoka mbio. Mpakani askari alimwita gunia la mihogo. La chini kabisa ni gauni la ndoa yake. Mume wake alirudi ndani kuchukua vitambulisho. Hajaonekana tena.

Kwetu mtu akisimulia balaa huku anacheka, unacheka naye, asibaki humo peke yake. Nikacheka. Bi Maureen akatucheka sote kwa pamoja, mpaka akajifuta machozi.

"Ile muzungu iko na roho muzuri," Tantine akaniambia. "Anacheka sawa mutu ya kwetu."

Akamwazima magauni, yote matatu. Tantine naye amealikwa siku ya kurekodi, kiti cha mbele. Kanisa zima litajua kufikia Jumapili.

Jumanne, 10 Juni

Mazoezi. Nimeangalia kwenye skrini nyuma ya jukwaa.

Bi Maureen amefungiwa mto makalioni. Uso hawakumpaka rangi nyeusi. Meneja alikataa, sasa anajiona shujaa. Mwanamke anafika mbele ya ofisa wa uhamiaji, anaambiwa avue koti. Anavua gauni. Chini yake gauni jingine. Na jingine. Wameongeza yakafika saba, kwa sababu matatu hayachekeshi vya kutosha. La mwisho ni la ndoa. Analivua nalo, anabaki na chupi ya rangi za bendera.

Na anacheka. Kicheko ni cha Tantine kabisa, hata ile pumzi anayoivuta mwishoni. Ameiba hata pumzi.

Wote walicheka. Nimezima skrini.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia Bi Maureen. Nilisimama mlangoni pa chumba chake cha kuvalia kama mwanafunzi. Nikasema mwanamke yule ni mama yangu mdogo, gauni lile ni la ndoa, mume alipotea. Nikasema tafadhali mara nyingi mno.

Hakukasirika. Alinikalisha, akanishika goti.

"Mpenzi wangu, kila mwanamke niliyemwigiza nilimpenda kwanza. Wa kwanza alikuwa mama yangu. Alikuwa akitetemeka mkono akimimina chai. Nikamwiga. Yule ndiye aliyenipa jina."

Nikauliza mama yake alisemaje.

"Aliniona kwenye televisheni. Tangu siku hiyo akawa anashika kikombe kwa mikono miwili."

Akageukia kioo, akaendelea kupaka wanja.

Goti langu bado linaniwasha. Mtu anajua, na bado anafanya.

Ijumaa, 13 Juni

Tantine amepiga pasi kitenge kipya cha kuvaa kesho kwenye kurekodi. Ameniuliza kama kilemba kitawaziba watu wa nyuma. Sijamwambia. Ninajichukia.

Jioni, wote walipotoka, nimefungua stoo nikachukua magauni yake matatu. Mfuko wa plastiki. Meneja akijua, sina kazi. Bila kazi hakuna kodi ya chumba, yangu wala ya Tantine. Magauni yananuka manukato ya Bi Maureen kwapani.

Jumamosi, 14 Juni

Tantine alikuwa amesimama mlangoni kwake, amejipaka poda, mkoba mkononi. "Weye! Taa za robot zitatuchelewesha barabarani. Twende!"

Nikamwambia. Yote. Mto, chupi, kicheko chake. Nikamwonyesha mfuko.

Alikaa kitandani na viatu vyake. Simu ikaita: meneja. Ikaita tena. Niliiacha juu ya meza, ikitetemeka kama mdudu.

Usiku ujumbe, wa Bi Maureen. Nilitarajia matusi. Ameandika: "Tumetumia mapazia badala ya magauni. Wamecheka zaidi. Mwambie mama yako mdogo ninampenda."



Jumapili, 15 Juni

Hatukwenda kanisani.

Tantine amefua magauni kwenye beseni. Kola zilikuwa na vipodozi. Amezisugua mpaka vidole vikawa vyeupe. Nimemsaidia kukamua. Tumeyaanika barazani, la ndoa mwisho.

Ndipo akauliza, "Alivala ngapi?"

"Saba."

"Saba!" Akaniangalia. "Na ile joto ya Uvira? Angezimia mbele ya kufika barabarani."

Akacheka, na pumzi ile mwishoni. Nilikuwa nimejiapiza sitacheka tena juu ya jambo hilo. Nimecheka naye, mpaka yeye mwenyewe aliponyamaza.

Kesho ni Sikukuu ya Vijana, studio itafungwa. Jumanne nitarudisha funguo za stoo.

Gauni la ndoa bado linadondosha maji.