Bei ya Treni Haishuki Jioni

Alhamisi. Upepo unatoka ziwani tangu asubuhi, vumbi nyeusi mpaka ndani ya sufuria.

Leo siwezi kukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta cha kufagia. Maharagi nimeyatia chumvi mara mbili na nimeyala hivyo hivyo, sababu sikutaka mutu aniambie kitu.

Huu ukurasa alinifungulia binti yangu Masika baada ya baba yake kufa. Alisema niandike humu, niache kumujazia telefone na sauti zangu. Naandika kwa kidole kimoja. Masomo yangu yaliishia chini kabisa, kwa hiyo mwenye kutaka kucheka makosa acheke kwake.

Jumamosi hii tulikuwa tumepanga kutosha kilio cha muzee wangu, ni kusema kumaliza matanga yake. Mwaka umeisha. Ni misa, ni chakula, halafu ninavua hizi nguo nyeusi ambazo zimekwisha kugeuka rangi ya majivu. Muzee Kasereka, mudogo wa marehemu, amefika toka Butembo. Amezunguka kupitia Uganda, maana barabara yetu haipitiki, na ameshuka hapa miguu imevimba. Yeye ndiye wa kusema maneno ya ukoo. Bila yeye hakuna kilio kinachotoka.

Lakini kilio kina watoto pia, na watoto wangu wawili wako Uingereza. Masika anakaa Plymouth, kule chini kabisa kwenye bahari, na watoto wake wawili. Kambale anakaa Glasgow, kule juu kwenye baridi, anapika katika hoteli. Kuja hapa hawawezi. Uwanja wa ndege umefungwa, na makaratasi yao ya kukaa kule nayo bado yanalala kwenye meza ya mutu.

Nikasema sawa, musikuje. Lakini siku ile mutakuwa nyumba moja. Marehemu alikuwa na desturi yake aliyoichukua kwa baba yake: kilio kikitoka, watoto wanakula fufu kwenye sahani moja, mkono unagusana na mkono. Sikubali watoto wake wale kila mutu na sahani yake, kama wageni. Mutasimamisha telefone juu ya kabati, nitawaona.

Wakanijibu treni ni bei. Miaka wako inchi moja, hawajaonana, na neno ni lile lile: Mama, treni ni bei.

Basi nikaingia mimi mwenyewe katika mambo ya treni.

Nilimulazimisha Kambale anisomee yote kwa telefone, pole pole, bila kuruka. Na nikasikia maajabu. Kule kuna karte ya treni. Unainunua mara moja, inakaa mwaka muzima, na kila safari inakukatia sehemu ya tatu ya bei. Kuna karte ya vijana. Kuna ya wale ambao ujana umeanza kuwaaga, kama Kambale. Kuna ya familia, ambayo Masika na watoto wake wangepanda nayo, na watoto wanakatiwa hata zaidi. Kuna ya watu wawili wanaosafiri pamoja. Kuna ya wazee. Hata mimi kule ningekuwa na karte yangu, nikae karibu na dirisha kama mama mukubwa.

Nikauliza, ninyi muko nazo? Masika akasema hawakununua sababu hawasafiri. Na mbona hawasafiri? Sababu ni bei. Nikamwambia huo ni ujinga wa mbuzi aliyefungwa, anazunguka muti mpaka kamba inaisha.

Kambale akanunua karte yake siku ile. Nilijisikia kama waziri.

Halafu Masika akaona tiketi yenyewe. Ni ya namna ile inayouzwa mapema, wiki nyingi mbele ya safari, bei ya chini, lakini umefungwa na treni moja tu: ikikuacha, imekwenda na pesa yako. Alitaka Kambale ainunue palepale.

Mimi nikasema ngojeni.

Niandike vizuri ili nielewe mwenyewe. Mimi nauza sambaza, samaki ndogo za ziwa letu, kwenye soko la Kituku tangu Masika hajazaliwa. Asubuhi mitumbwi ikifika, muuzaji ana kiburi, na anayekimbilia samaki ya kwanza analipa bei ya mujinga. Mwenye akili anazunguka. Anauliza bei, anacheka, anaenda. Jua likigeuka, muuzaji anaanza kusikia harufu ya samaki yake mwenyewe, na hapo anakuita mama yangu, dada yangu, chukua. Watoto wangu wamekula na kusoma kwa akili ile. Kwa nini isifanye kazi kwa Wazungu?

Wakangoja. Hawa watoto hawajawahi kunisikiliza juu ya ndoa, wala juu ya kanisa, wala juu ya kuvaa kofia kwenye baridi. Juu ya hili wakanisikiliza.

Wiki iliyofuata Masika akasema imepanda. Nikamwambia anawapima, muuzaji anapandisha sauti mbele ya kushuka. Wiki ingine, imepanda tena. Nikasema kazeni moyo. Pale sokoni jirani yangu wa meza, Mama Furaha, akanicheka kwamba sasa nauza sambaza mpaka Ulaya. Nilimwambia afunike samaki yake, nzi wanamusikiliza.

Leo, nikiwa napima samaki ya mutu, Kambale akapiga. Sauti yake ilikuwa chini. Tiketi zote za bei ya chini za kumufikisha kwa Jumamosi zimeisha. Imebaki ile ya bei ya kutisha, na hata karte ikikata sehemu yake ya tatu, inayobaki ni bei ya mbuzi mukubwa na mutoto wake.

Nilimwambia kiti kisipopata mutu, treni ikaondoka, si kile kiti kimeoza? Kuna mufanyabiashara gani anayefurahia samaki kuoza?

Akanijibu bila hasira, na hiyo ndiyo iliniuma.

"Mama, huku wanajua anayekuja siku ya mwisho ndiye mwenye shida. Hawezi kuacha safari. Ndiyo wanamulipisha yeye."

Mteja aliniita mara mbili, nikamupa samaki zaidi ya pesa yake, na hakurudisha, yule mwizi.

Nimeifikiria mchana kutwa. Kumbe hata mimi najua ile biashara. Mutu akikuja anakimbia, wageni wamefika nyumbani, maji yanachemka, mimi simushushii hata kidogo. Naona jasho yake, napandisha. Najua. Nilidhani tu watoto wangu ni wanunuzi wenye nafasi ya kuzunguka. Kifo cha baba yao hakizunguki.

Mbele Kambale akate telefone, nilimuuliza kama hakuna njia ingine. Akasema aliona moja lakini aliogopa kuitaja. Kuna treni ya Jumanne inayokuja, inaondoka wakati watu wa kazi wamekwisha kupita. Safari unaikata vipande, tiketi mpaka Birmingham, ingine toka Birmingham mpaka Plymouth, na unabaki umekaa kwenye kiti kile kile, mradi treni isimame pale. Vipande pamoja vinakuwa chini ya tiketi moja nzima. Hapo nilikasirika kidogo, maana huku ukiikata safari vipande, kila kizuizi cha barabara kinakula pesa yako. Lakini na karte juu yake, bei ile anaiweza.

Jumanne jioni angefika kwa dada yake. Jumatano wangekula.

Lakini kilio ni Jumamosi. Padri amekwisha kutangaza misa. Muzee Kasereka anataka kurudi Jumapili, na anarudia njia ile ile ndefu.

Kambale alikuwa anangoja kwenye laini. Nilisikia vyombo vya hoteli nyuma yake, na mutu anamuita.

"Mama, zimebaki chache. Ninunue ao tungoje?"

Aliniuliza hivyo. Baada ya yote. Si kwa kunicheka, namujua, kwa kunicheka ana sauti ingine. Alikuwa anauliza kama mutoto anayeuliza kama maji yana moto.

"Nunua, papa, mutoto wangu. Nunua sasa."

Akanunua. Baadaye kidogo Masika akaniandikia neno moja tu: Asante. Sijui kama ananishukuru ao ananichapa.

Sasa tiketi iko na hairudi. Na mimi niko na shemeki mwenye miguu imevimba, amelala chumba cha pili, anakohoa, hajui kwamba nimeisogeza Jumamosi yake mpaka Jumatano bila kumuuliza. Mwanamuke. Tena mjane, wa kukaa kimya na kuletewa chai.

Tangu jioni nimepita mbele ya mlango wake nikijifanya natafuta ndoo. Mara moja akauliza, "Mama Masika, ni nini unapoteza?" Nikasema hakuna kitu, ni upepo.

Nimejaribu uongo moja mbili kichwani. Kwamba padri ana kazi. Kwamba mbuzi haijapatikana. Ni uongo muzuri, ungesimama. Lakini Jumatano atawaona wale wawili ndani ya telefone, mikono yao kwenye sahani moja, na atauliza ilikuwaje. Kambale hajui kudanganya, amechukua kwa baba yake.

Nitamwambia mimi ndiye niliyewaambia wangoje. Atapiga kelele. Atasema ukoo wetu hauongozwi na treni ya Wazungu. Apige. Halafu nitamupa maji ya moto ya miguu, na nitamuomba abaki.

Nilitaka kwanza nimuache apumuzike, nimwambie Jumamosi, saa ya misa ikikaribia.

Hapana. Kukipambazuka, mbele mitumbwi haijafika Kituku, nitabisha mlango wake. Aibu nayo ni kama ile tiketi. Ukiingoja, inapanda.